Uanachama wa Likizo: Hesabu Ambayo Muuzaji Haiandiki

Mwaliko wenyewe familia nyingi za kipato cha kati Nairobi na Mombasa zinaujua. Namba yako ya simu imechaguliwa, njoo na mkeo au mumeo, kuna zawadi ya kulala hotelini siku mbili, na sharti ni kusikiliza maelezo kwa dakika 90. Dakika hizo hurefuka hadi mchana mzima. Muuzaji huandika bei kwenye karatasi, mteja anasita, meneja anaitwa kutoka chumba cha pili, bei ya kwanza inakatwa kwa kalamu na chini yake inaandikwa nyingine, kwa maelezo kwamba punguzo hilo ni la leo tu. Baadhi ya waliofuata zawadi huondoka wametia sahihi mkataba wa kulipia wiki moja ya likizo kila mwaka kwa miaka 20, 30 au zaidi.

Bidhaa hiyo, iitwayo taimsheya, ilianzia Ulaya katika miaka ya 1960, ikavuka hadi Marekani muongo uliofuata, na nchini Kenya huuzwa zaidi katika hoteli za ufukweni. Siku hizi bidhaa hiyo mara nyingi huitwa klabu ya likizo au mpango wa pointi. Jina limebadilika, lakini mzigo ni ule ule: malipo makubwa ya mwanzo, kisha ada ya matengenezo inayodaiwa kila mwaka, mwanachama awe amesafiri au amekaa nyumbani.

Swali la kama inalipa hujibiwa vizuri zaidi na wale wanaojaribu kutoka. Dalali mmoja wa Mombasa, ambaye kazi yake ya kawaida ni kupangisha nyumba, anasema wanachama humletea mikataba yao awatafutie wanunuzi, naye hana pa kuipeleka. Hakuna soko la wiki hizo nchini wala bei ya kulinganishia, na hoteli iliyouza haioni sababu ya kuinunua tena wiki ya mtu wakati bado ina zake za kuuza. Kwa maelezo yake, wateja wote hupita njia moja. Mwanzoni hutaka kurudishiwa kila shilingi waliyolipa. Baada ya miezi kadhaa hukubali nusu. Mwishowe huuliza kama kuna ndugu au rafiki anayeweza kupewa bure, mradi ada ya mwaka ihamie kwenye jina lake.

Kinachomuudhi zaidi dalali huyo ni kwamba hata anapompata mtu wa kuchukua wiki hiyo, baadhi ya klabu humnyima mgeni huyo marupurupu aliyokuwa nayo mwenye wiki wa kwanza, kama kubadilishana wiki na hoteli za nchi nyingine au kutumia pointi. Anayenunua kwa mkono wa pili anapata chumba tu, na hivyo hana sababu ya kulipa bei ya maana. Anaona si haki kitu kusifiwa mezani kuwa ni mali ya kurithisha watoto, halafu siku ya kukiuza masharti yenyewe yakishushe thamani.

Ni kweli kwamba dalali naye ana lake. Wiki isipouzwa, hapati kamisheni. Hata hivyo anayoyasema yanafanana na yanayotokea Marekani, kwenye soko kubwa zaidi duniani, ambako wiki zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola hutangazwa kwenye minada ya mtandaoni kwa dola 1 na nyingine zikakosa mtu. Kitu kinachopoteza karibu thamani yake yote mnunuzi anapoinuka kwenye kiti hakistahili kuitwa uwekezaji, na muuzaji anayekiita hivyo anampotosha mteja.

Hamu ya kutoka nayo imezaa biashara ya pili, mbaya zaidi. Mwanachama aliyechoka hupigiwa simu na mtu anayedai amempata mnunuzi, ila kwanza zilipwe gharama za uhamisho, halafu kodi, halafu ada ya wakili. Kwa takwimu za wapelelezi wa Marekani, kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa ulaghai wa aina hiyo uliohusu hoteli za Mexico. Hao ni waliojitokeza kusema.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila haifanywi mezani. Huko huko Marekani, ambako takwimu za biashara hii huchapishwa, wiki moja mpya huuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 20,000, na ada ya matengenezo imepita dola 1,000 kwa mwaka. Tuchukue viwango hivyo vya chini. Mnunuzi anatanguliza dola 2,000 na kukopa 18,000 kutoka kwa muuzaji yule yule kwa riba ya asilimia 15, kiwango cha kawaida katika mikopo hiyo, alipe kwa miaka kumi. Kila mwezi atatoa takriban dola 290. Mkopo unapokwisha, wiki ya dola 20,000 imemgharimu karibu 37,000. Ongeza ada ya matengenezo ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka: katika miaka kumi hiyo atakuwa amelipa karibu dola 12,600 nyingine. Jumla ni kama dola 49,400 kwa wiki kumi za mapumziko, yaani takriban dola 700 kwa usiku mmoja, kabla ya tiketi na chakula.

Akitumia wiki hiyo kwa miaka 20 bila kukosa hata mara moja, gharama hushuka hadi karibu dola 500 kwa usiku. Lakini kufikia mwaka wa ishirini ada peke yake itakuwa imepita dola 2,500. Mkopo una siku ya mwisho, ada haina. Wachuuzi wa bidhaa hii hulinganisha bei ya leo na bei ya hoteli ya miaka 20 ijayo, na hawasemi kwamba ada nayo inapanda ngazi hiyo hiyo.

Pwani ya Kenya ina jambo jingine linaloharibu hesabu ya muuzaji. Hoteli nyingi za Diani, Nyali na Watamu zina bei mbili, ya wageni wa kigeni na ya wakazi, na ya wakazi huwa nafuu. Msimu wa mvua za masika, kuanzia Aprili hadi Juni, punguzo huongezeka na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ukarabati. Kando yake zipo nyumba za kupanga kwa usiku kuanzia Bamburi hadi Kilifi, zenye jiko na vyumba vya kutosha familia, bila mkataba wowote wa mwakani. Mkazi wa Nairobi anayeonyeshwa bei ya mtalii wa Ulaya ili aone uanachama ni nafuu analinganishiwa na bei ambayo yeye hailipi.

Kuna kipimo kimoja ambacho mwanachama anaweza kukifanya jioni moja. Achukue ada ya mwaka huu peke yake, asahau kwa muda fedha za mwanzo, aigawanye kwa saba. Kisha apige simu hoteli ile ile, aulize bei ya mkazi kwa usiku mmoja wa wiki ile ile. Ada ya usiku mmoja ikiwa sawa na bei hiyo au zaidi, fedha za mwanzo hazijamnunulia chochote.

Msimu ndio mahali wengi wanapoumia. Katika mifumo ya kubadilishana, wiki mara nyingi hupangwa kwa rangi, nyekundu ikiwa ya msimu wa watu wengi na buluu ya msimu wa watu wachache. Mwenye wiki ya buluu haoni mlango ukifunguka kwa urahisi Desemba au Agosti, wakati watoto wamefunga shule. Wiki zinazoelea, zile zisizo na tarehe maalumu, huwahiwa miezi mingi kabla na wanaojua mfumo. Mzazi anayesubiri kalenda ya shule na ruhusa ya mwajiri huambiwa nafasi zimejaa.

Halafu kuna shilingi. Ada nyingi za kubadilishana hudaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160, kabla ya kurudi hadi karibu 130 mwaka huo huo. Ada ya dola 1,000 iliruka kwa takriban shilingi 37,000 bila hoteli kuongeza hata kitanda. Tena safari yenyewe inaweza kuzuiwa: Aprili 2020, Mombasa ilipofungwa kwa sababu ya korona hadi Julai, wiki za msimu huo zilipita bila mtu kuzitumia.

Watetezi wa biashara hawakosi majibu. Mmoja aliyefanya kazi ya mauzo kwa miaka mingi huegemea utafiti wa Marekani unaoonyesha kuwa karibu wanachama tisa kati ya kumi wameridhika, na kwamba karibu familia milioni 10 nchini humo zinamiliki wiki au pointi. Namba hizo zipo, lakini utafiti hulipiwa na wenye biashara wenyewe, na huwauliza walio ndani. Waliotelekeza mikataba au kunyang'anywa kwa kushindwa kulipa hawamo katika hao kumi.

Hata hivyo wapo wanaonufaika. Familia ya watu sita pamoja na nyanya, iliyolipa taslimu wiki ya Desemba yenye tarehe maalumu, hoteli inayofikika, vyumba viwili na jiko, na inayokwenda kila mwaka, inaweza kupata thamani ya fedha zake. Aliyechukua wiki kama hiyo kwa mkono wa pili kwa bei ya kutupa ana nafasi nzuri zaidi, mradi ada haimzidi. Familia za namna hiyo si nyingi, na mwaliko wa simu hauzichagui.

Kuhusu ulinzi wa wateja, ofisa mmoja anayefuatilia masuala hayo anashikilia kwamba malalamiko ni machache na sheria inatosha. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ina ukweli kwenye karatasi. Ya kwanza inatia shaka: mtu aliyepoteza akiba ya nyumba kwa ajili ya likizo huona haya kusema, na wengi hawajui ofisi ipi ipokee barua yao. Uhaba wa malalamiko haujawahi kuwa ushahidi wa uhaba wa walioumizwa.

Katika nchi za nje muda wa mnunuzi kujitoa baada ya kutia sahihi hutofautiana. Umoja wa Ulaya na Uingereza hutoa siku 14, Florida 10, Nevada 5, jambo ambalo Waafrika Mashariki wanaoishi huko na kualikwa Orlando au Las Vegas wanapaswa kulijua kabla ya kukaa mezani. Hispania ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2015 mahakama yake ya juu imekuwa ikibatilisha mikataba ya milele iliyotiwa sahihi baada ya sheria yake ya 1998, ambayo iliweka kikomo cha miaka 50.

Kama soko la Kenya litakua au litazimwa na nyumba za kupanga mtandaoni, bado ni mapema kusema. Wauzaji hawajapunguza simu. Lakini aliyetia sahihi wiki hii Kenya hana haja ya kusubiri soko. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inautaja mkataba wa aina hii waziwazi na kumpa mnunuzi haki ya kuuvunja bila kutoa sababu hadi siku 10 baada ya kupokea nakala ya maandishi. Asiyepewa nakala inayotimiza masharti ya sheria ana mwaka mmoja tangu siku ya kukubaliana. Atafute nakala hiyo leo, aangalie tarehe, na kama bado yumo ndani ya muda, aandike barua ya kujitoa na kubaki na ushahidi kwamba imepokelewa.