Kicheko cha Nyumbani na Deni Lisilolipwa

Katika mitaa ya Morogoro Mjini, kuanzia Mji Mpya hadi Kichangani, si vigumu hata leo kuikuta nyumba yenye mikanda ya video ya zamani iliyopangwa chini ya kabati, karibu na deki ambayo haijawashwa kwa miaka mingi. Aghalabu mikanda hiyo ni ya namna mbili: ya harusi za familia, na ya vichekesho. Ile ya harusi ina wenyewe wa kuitunza. Ile ya vichekesho, ambayo ilikichekesha kizazi kizima, haina mwenyewe. Jambo hilo ndilo tunalokusudia kulizungumza leo mbele ya ndugu zetu wa Visiwani, na mbele ya viongozi wa Serikali zetu mbili.

Anayeupata mkanda mmojawapo ukiwa bado mzima, akautazama tena leo, hatakosa kumkuta humo Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto. Ndugu huyu alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto. Katika mikanda yake, uwanja wa mchezo ni nyumba. Yeye ni baba mkali mwenye wivu, au mzee mbahili anayeficha fedha, au mtu wa makamo anayewatamani wasichana walio sawa na binti zake. Mbele yake yupo mke asiyedanganyika, wapo watoto wenye akili kumshinda, na yupo mtumishi wa nyumbani anayeijua siri yote. Mwisho wa mchezo baba huumbuka, nyumba ikacheka, naye akabaki baba vile vile.

Yafaa tukumbuke namna vichekesho hivi vilivyotufikia, kwa kuwa historia ya Visiwani na ya Bara katika jambo hili si moja. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, muda mfupi baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazina televisheni ya rangi. Huku Bara, Serikali ya Awamu ya Kwanza iliiona televisheni kuwa ni anasa ambayo nchi maskini ingeweza kuisubiri. Redio ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuelimisha na kuburudisha. Kituo cha ITV kilianza mwaka 1994, na televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa na uwezo waliinua nguzo ndefu za antena juu ya mapaa ili wanase matangazo ya Unguja. Morogoro iko kiasi cha kilomita 190 kutoka pwani, wala antena ya namna hiyo isingeifaa kitu.

Kwa hiyo, kwa watu wengi wa mikoa ya ndani, deki ya video ndiyo iliyotangulia na kituo cha televisheni kikaja nyuma yake. Mtu aliyekuwa na deki alikuwa na kituo chake sebuleni, na majirani ndio waliokuwa watazamaji wake. Wasiokuwa na jirani wa namna hiyo walilipa kiingilio katika mabanda ya video. Vichekesho vya Kiswahili vilipoanza kutiwa katika mikanda, kisha katika santuri za VCD na DVD, vilikuta mkeka umekwisha tandikwa. Mkanda mmoja ulizunguka mtaa mzima, ukaazimwa, ukanakiliwa, na nakala nayo ikanakiliwa, hata sura za waigizaji zikawa kama zinaonekana nyuma ya ukungu wa Uluguru. Watu walicheka vile vile.

Jirani zetu wa Kenya nao wana hazina yao. Mchezo wa Vitimbi, ulioanza katika televisheni ya taifa lao miaka ya 1980, uliwaweka mbele ya watu Mzee Ojwang na mkewe Mama Kayai. Mzee Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau, na Mama Kayai na Mary Khavere. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini alivaa lafudhi na hulka za mzee wa Kijaluo kwa miaka mingi, katika nchi ambayo siasa zake zimewagombanisha makabila hayo mara nyingi. Wajaluo hawakumfukuza, walimwita wa kwao. Alipofariki tarehe 12 Julai 2015, Kenya nzima ilimlilia bila ya kuuliza kabila lake. Ni hotuba ngapi za umoja zilizofika mbali kiasi hicho?

Hapa ndipo ilipo thamani ya vichekesho hivi, wala si katika kupitisha saa tu. Katika nyumba zetu za Kiswahili mtoto hafunzwi kumkosoa baba yake mbele ya watu, wala mke hasifiwi kwa kumwaibisha mumewe. Adabu hiyo ni njema, nasi hatutaki iondoke. Lakini mkubwa asiyekosolewa kabisa huharibika, na nyumba yake huharibika pamoja naye. Kichekesho kikampa kila mtu njia. Baba aliyekaa sebuleni akimcheka Majuto kwa ubahili wake, alijua kuwa mkewe aliyeketi kando anacheka kwa sababu nyingine. Hakuna aliyetukanwa, na ujumbe umefika. Chama chetu kilitufundisha kanuni ya kujikosoa na kukosoana, na wengi wetu tuliisoma katika semina. Wananchi waliisoma mbele ya deki, na pengine wao ndio waliofaulu zaidi.

Wala jambo hili si geni kwa wenyeji wa milima hii. Waluguru, kama makabila mengine mengi ya nchi yetu, wana utani. Mtani ana ruhusa ya kusema asiloweza kulisema ndugu wa damu. Hata msibani huja akafanya mzaha kati ya vilio, akamwigiza marehemu, akawatoa watu machozi na kicheko kwa pamoja, tena hushika kazi nzito za maziko. Lakini mtani hafanyi hayo bure. Ana haki yake inayojulikana, na wafiwa huona haya kumwacha aondoke mikono mitupu. Wazee wetu walielewa kwamba kumchekesha mwenye huzuni ni kazi, na kila kazi ina ujira wake.

Sasa na tujiulize: sisi tumewalipa nini watani wetu wa taifa?

Mwaka 2018 King Majuto aliugua, akapelekwa India kutibiwa, akarejea, na tarehe 8 Agosti mwaka huo akafariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Alizikwa kwao Tanga. Katika miezi ile ya ugonjwa wake wananchi wengi walishangaa kusikia kwamba mtu aliyejulikana katika kila nyumba anahitaji kusaidiwa. Mshangao huo ulifika Serikalini, na Wizara yenye dhamana ya sanaa, wakati huo ikiongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, iliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 7 Juni 2014, alitutoka Said Ngamba, yaani Mzee Small, naye baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wote wawili waliacha mikanda mingi. Na mikanda mingi haikumaanisha mali nyingi.

Sababu yake haihitaji msomi wa sheria kuieleza. Kwa desturi iliyozoeleka katika biashara hii, msanii huuza kazi yake kwa mkupuo: hupokea fedha mara moja, hutia sahihi, na tangu hapo kila nakala inayouzwa ni mali ya mwingine. Nyuma ya huyo akaja mwizi wa nakala, ambaye hakumlipa hata yule mnunuzi. Na nyuma ya mwizi tukaja sisi watazamaji, tuliofurahia urahisi wa bei bila kuuliza asili yake. Sheria zipo. Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chombo chake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na chombo chake ni COSOZA. Lakini sheria haimfai mtu aliyekwisha kuuza haki zake zote kwa karatasi asiyoielewa.

Katika maziko ya Waislamu wa mwambao wetu kuna desturi njema. Kabla ya watu kutawanyika, mmoja wa jamaa husimama akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, ili familia ibebe deni hilo na marehemu apumzike. Desturi hiyo yafaa kudumishwa. Lakini anapokufa msanii wa namna hii, tangazo lingepaswa kugeuzwa: familia ya marehemu ndiyo inayotudai sisi.

Deni hilo lina sehemu mbili, na ya pili inakwisha muda wake. Mkanda wa video ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu huilegeza gundi, kuvu huota, na picha hufutika pole pole hata mkanda ukikaa bila ya kuguswa. Watu wa Unguja na Pemba, wanaoujua unyevu wa bahari unavyokula chuma, hawahitaji kuelezwa zaidi. Deki nazo zinatoweka: kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikizitengeneza, cha kampuni ya Funai ya Japani, kiliacha kazi hiyo mwaka 2016. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilionya kwamba mikanda ambayo ingefika mwaka 2025 bila kuhamishiwa katika kompyuta, sehemu kubwa yake ingepotea. Onyo hilo lilitolewa na nchi tajiri juu ya mali yake yenyewe.

Morogoro inajua uchungu wa kuhifadhiwa na wengine. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979, waliupa mji huu jina katika Afrika Mashariki nzima. Lakini santuri zao nyingi zilitolewa na makampuni ya Mombasa na Nairobi, na mjukuu wa Morogoro anayetaka kuzisikia leo hana budi kutegemea hisani ya wageni. Isiwe hivyo kwa vichekesho.

Tunatoa rai tatu. Kwanza, maofisa utamaduni wa wilaya, Bara na Visiwani, waagizwe kupokea mikanda kutoka kwa wananchi, inakiliwe kwa mitambo ya TBC na ZBC, kisha irudishwe kwa wenyewe. Zanzibar ina Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zilizotunza karatasi za karne ya 19. Mahali palipotunza barua za masultani hapashindwi kutunza kicheko cha raia. Pili, mkataba wowote wa kuuza kazi ya sanaa uandikwe kwa Kiswahili, uwe na kikomo cha miaka, na utaje fungu la msanii katika kila mauzo. Tatu, kazi hizo zinapooneshwa tena, mirabaha iwafikie wajane na yatima.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa maji na dawa haina fedha za kuokoa mizaha. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini gharama inayotajwa hapa ni ya mitambo michache na vijana wachache wenye ujuzi, na haki ya msanii hailipwi na hazina, bali na yule anayeuza jasho lake. Maji tukiyakosa mwaka huu tutachimba kisima mwaka ujao. Mkanda ukioza mwaka huu, hakuna bajeti itakayourudisha.

Basi aliye na mkanda chini ya kabati na autoe, aufute vumbi, aweke mahali pakavu. Na aliye na kalamu ya Serikali mkononi asingoje msiba mwingine wa msanii ndipo aunde kamati nyingine.