Maji uliyomwaga bandani hayapoozi kuku mpaka yapae

Februari kijana mmoja wa Kimara Temboni alinipigia simu saa nane mchana: "Bwana shamba, broila wanahema, wengine wameshalala chini." Nilipofika nikakuta amefanya kila alichosikia. Amelowesha sakafu, amerusha maji ukutani, na maturubai kayashusha pande zote ili "ubaridi usitoke". Ndani ni sufuria lenye mfuniko. Walikufa 19, wa wiki ya tano, wateja wanasubiri. Kosa lilikuwa langu pia: mimi ndiye niliyemwambia "joto likizidi tumia maji", nikaishia hapo.

Basi leo nimalizie. Vitu vimejengwa kwa chembe ndogo mno, atomu au molekuli. Kwenye bati zimebanana, zinatetemeka tu palepale zilipo; jua likichoma zinatetemeka zaidi, zinasukumana, bati linatanuka. Ile "ta! ta!" ya juu ya banda jua likipanda ndiyo hiyo. Kwenye maji zinagusana lakini zinateleza. Kwenye mvuke zimeachana kabisa, kila moja na njia yake.

Kuziachanisha hizo za maji kunakula joto jingi sana. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 35 kunachukua kilojuli 42 hivi. Lita hiyohiyo ikigeuka mvuke inachukua kama 2,400! Kwa hiyo maji yaliyotuama sakafuni hayajafanya kazi bado. Yanayopaa ndiyo yanayoondoka na joto. Kuku naye hatoki jasho, anahema ili unyevu wa kooni upae.

Sasa hewa ya Dar si ya Dodoma, tayari imebeba unyevu mwingi. Ukiifungia bandani, molekuli zinazorudi kwenye maji zinakaribia kulingana na zinazotoka. Hakuna kinachopaa, kuku anahema bure.

Tulichofanya: maturubai juu, feni ya sebuleni ikaletwa bandani, maji tukayapeleka juu ya bati badala ya kwenye maranda (maranda yakilowa yanaleta amonia, balaa jingine). Chakula tukakitoa mpaka jioni, maana kumeng'enya nako kunazalisha joto. Tangi la maji ya kunywa lilikuwa juani, tukalifunika kwa makuti.

Saa kumi na moja waliobaki walikuwa wamefunga midomo.