Ukienda Dar na familia, homa ya siku ya tatu usiiite uchovu wa safari

Shule zikifungwa Juni na Desemba, mabasi yanayotoka Kayanga, Omurushaka na Nkwenda kwenda Dar es Salaam hujaa watoto. Kahawa imeuzwa, ada ya muhula ujao imewekwa pembeni, na baba au mama ameamua kwamba mwaka huu watoto nao waione bahari, mwendokasi na Kariakoo. Wengine huongozana na bibi ambaye miaka yote amekuwa akiisikia Dar redioni tu.

Ni uamuzi mzuri. Kupumzika na kutembea pamoja ni sehemu ya afya ya familia. Lakini safari ya siku tatu au nne katika jiji lenye watu zaidi ya milioni tano, umbali wa takriban kilomita 1,400 kutoka nyumbani, inahitaji maandalizi ya afya kama inavyohitaji nauli. Katika makala haya tutaangalia mambo yanayoharibu safari za namna hii mara kwa mara, na moja ambalo linaweza kuondoa uhai wa mtoto huku wazazi wakiamini ni uchovu tu.

Kabla ya kupanda basi

Anza na dawa za kila siku. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi abebe dozi inayozidi siku za safari kwa angalau wiki moja. Basi linaweza kuharibika Nyakanazi, na ndugu wanaweza kuwaomba mkae siku mbili zaidi. Pita kliniki mapema, eleza kwamba unasafiri, upewe dawa za kutosha.

Dawa hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi. Usiziweke kwenye buti la basi, kwa sababu huko kuna joto kali na huwezi kuzifikia ukizihitaji njiani. Insulini haipaswi kukaa juani wala karibu na injini. Ifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu au uiweke kwenye chombo cha kutunza ubaridi, ila isigusane na barafu.

Beba pia kadi ya bima ya afya, kadi ya kliniki ya mtoto, na pakiti chache za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Kama bima yako ni ya mfuko wa jamii, uliza kabla ya kuondoka kama itapokelewa nje ya mkoa wa Kagera.

Saa ishirini kwenye kiti

Safari hiyo hupita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, na huchukua zaidi ya saa 20. Tatizo la kwanza ni miguu. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogea, damu katika mishipa ya miguu hutembea polepole na inaweza kuganda. Kipande cha damu iliyoganda kikisafiri hadi kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafla. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi, iwe kwa ndege, basi, gari dogo au treni, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya njema hatari bado ni ndogo. Lakini huongezeka kwa wazee, wajawazito, waliojifungua karibuni, wanene na waliofanyiwa upasuaji siku za karibuni.

Kinga yake ni rahisi. Kila basi linaposimama, shuka utembee, hata kama huna haja ya kwenda msalani. Ukiwa umekaa, kunja na kunjua vifundo vya miguu mara kwa mara. Kunywa maji. Akina mama wengi hujinyima maji safari nzima kwa kuogopa kumwomba dereva asimame, na matokeo yake ni kichwa kuuma, choo kigumu na wakati mwingine maambukizi ya njia ya mkojo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikabana na kifua kuchoma siku chache baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tangu mwaka 2024 kuna treni ya kisasa ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Familia yenye mzee au mjamzito inaweza kulala Dodoma na kumalizia safari kwa treni, ambako mtu anaweza kusimama, kutembea na kwenda msalani bila kumsubiri dereva.

Kwa mtoto anayetapika ndani ya gari, mpe chakula chepesi kabla ya safari, mkalishe mbele au karibu na dirisha, na mwambie atazame mbali barabarani. Asiangalie simu. Usimpe dawa ya kuzuia kutapika bila kumuuliza mfamasia, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hazifai watoto wadogo. Mkanda wa kiti ufungwe muda wote, usiku na mchana.

Joto la pwani

Maeneo mengi ya milimani Karagwe yako zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Dar iko usawa wa bahari, na kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au zaidi, pamoja na unyevu unaozuia jasho kukauka. Mwili uliozoea baridi ya Bugene huhitaji siku kadhaa kuzoea hali hiyo, nanyi mnakaa siku tatu tu.

Kwa hiyo pangeni ratiba kwa kufuata jua. Ufukweni na Kariakoo nendeni asubuhi. Saa sita hadi saa kumi kaeni kwenye kivuli, na huo ndio wakati mzuri wa kuingia Makumbusho ya Taifa, ambako watoto watajifunza habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mzee anayetumia dawa za shinikizo za kupunguza maji mwilini aangaliwe zaidi. Akipata kizunguzungu au kuchanganyikiwa, mtoe juani, mpepee, mpake maji mwilini na mpeleke kituo cha afya. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Bahari si bwawa

Mtoto wa Kyerwa anaufahamu Mto Kagera na ameonywa tangu utotoni asiukaribie. Bahari hajaonywa. Anaona mchanga mweupe, watu wengi na maji yasiyofika magotini, na anadhani ni mchezo.

Maji ya bahari hupwa na kujaa, na badiliko hilo huchukua takriban saa sita. Sehemu mliyotembea kwa miguu asubuhi inaweza kumzamisha mtu mzima mchana. Kwa makadirio ya WHO, watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na wengi wao ni watoto na vijana. Kuzama kwa mtoto hutokea kimya kimya, bila kelele za kuomba msaada.

Mtu mzima mmoja, asiyekunywa pombe na asiyeshika simu, apewe kazi ya kuwaangalia watoto tu, naye awe karibu kiasi cha kuweza kumshika mtoto kwa mkono. Waulizeni wavuvi au wenyeji kama maji yanajaa au yanakupwa. Mkipanda boti kwenda kisiwa cha Mbudya, kila mmoja avae jaketi la kujiokolea linalomtosha kabla boti halijaondoka. Kama hayatoshi kwa idadi yenu, msipande.

Homa ya siku ya tatu

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Siku ya tatu jijini mtoto anaamka na mwili wa moto, hataki kula, kichwa kinamuuma. Watu wazima wanatazamana na mmoja anasema, "Ni mabadiliko ya hali ya hewa." Anapewa panadol na kulazwa. Kesho yake anaendelea vivyo hivyo, na keshokutwa kuna basi la kurudi.

Wengi huamini kwamba malaria ni ugonjwa wa pwani, na kwamba mtoto akiumwa Dar basi ameumwa na mbu wa Dar. Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Mkoani Kagera kiwango kilikuwa asilimia 18, miongoni mwa viwango vya juu kabisa. Dar es Salaam iko chini ya wastani wa taifa.

Pili, malaria haianzi siku ile mbu anapouma. Kwa kawaida dalili hujitokeza siku 7 hadi 14 baadaye, na wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Hivyo mtoto anayepata homa siku ya tatu Dar, kama ni malaria, aliibeba kutoka nyumbani. Mhudumu wa afya wa jijini, ambaye siku hizi haoni malaria nyingi kama zamani, anaweza kuwaza homa nyingine kwanza. Mwambieni wazi: "Tumetoka Karagwe siku tatu zilizopita, naomba apimwe malaria." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa saa nyingi, na kwa mtoto mdogo malaria kali inaweza kumaliza uhai ndani ya siku moja au mbili.

Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa kuna sababu ya ziada ya kutochezea dozi. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, waliofuatilia wagonjwa wilayani Karagwe mwaka 2022 walikuta kwamba kwa baadhi yao vimelea vilichelewa kuisha mwilini baada ya kuanza dawa mseto. Habari njema ni kwamba wagonjwa walio wengi kabisa walipona, na dawa hiyo bado ndiyo tiba. Lakini hapa hakuna nafasi ya dozi nusu.

ALU humezwa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au karanga. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, apewe dozi nyingine. Safari ya kurudi isikatishe dozi, hivyo weka vidonge vilivyobaki mkononi na tega saa ya simu.

Mtoto anayepata degedege, anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayelegea au kupumua kwa shida, asipandishwe basi. Apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama tiketi zitapotea.

Mkisharudi nyumbani

Kuna upande wa pili. Dar imewahi kukumbwa na milipuko ya dengue, ukiwamo mkubwa wa mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji ya ndooni, kwenye matairi na vyungu vya maua. Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa, kwa hiyo mtu anaweza kuugua akiwa tayari amerudi Nyaishozi au Kaisho, ambako wahudumu hawaitarajii.

Homa ikija wiki hiyo, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, mwambie mhudumu kwamba mlikuwa Dar. Wakati mkisubiri majibu, tumieni panadol kwa kipimo sahihi na maji mengi. Epukeni aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu kwa mgonjwa wa dengue huongeza hatari ya kutokwa damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, au damu puani na kwenye fizi ni dalili za kwenda hospitali bila kusubiri, hata kama homa yenyewe imeanza kushuka.

Chandarua nacho kisisahaulike. Familia nyingi hufungasha nguo mpya za watoto na kukiacha kitandani. Kikunjeni mwende nacho, maana kwa ndugu mtakaofikia huenda wageni mkalala sebuleni, na chandarua cha sebuleni huwa hakipo.