Nyayo Bapa za Watoto Wadogo: Je, Ni Ugonjwa?

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mtoto hujifunza mapema kutembea juu ya ardhi isiyo sawa: matuta ya mashamba, vijia vya mawe, na mabonde yenye matope wakati wa mvua. Kwa hiyo si ajabu mzazi wa Sumbawanga kuingiwa na wasiwasi aonapo kwamba mwanawe, aliyetoka kuoga na kukanyaga sakafu kavu, ameacha alama iliyojaa wayo mzima, bila ule mkato wa upande wa ndani unaoonekana katika alama ya mtu mzima. Baadhi ya wazazi huukanda mguu huo kwa nguvu au kuufunga. Wengine hutumia fedha za mavuno kununua viatu vya pekee. Je, ipo haja ya kufanya hivyo?

Tao la wayo

Mguu, kutoka kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26. Mifupa hiyo imepangwa mfano wa mawe ya daraja la upinde, ikafungwa kwa kano na kushikiliwa na misuli. Tao linalofanyika hivyo hupokea uzito wa mwili, hupunguza kishindo na kuusukuma mguu mbele.

Mtoto hazaliwi na daraja lililokamilika. Sehemu kubwa ya mifupa yake bado ni gegedu laini. Mmoja wa mifupa iliyo kileleni mwa tao huanza kuwa mgumu mnamo umri wa miaka 3 hivi. Tena kano zake zimelegea, na chini ya wayo pana mto wa mafuta unaoficha tao lenyewe. Ndiyo sababu karibu kila mtoto anayeanza kutembea huonekana ana nyayo bapa. Tao hujengeka polepole katika miaka 10 ya kwanza, na kwa watoto walio wengi huonekana wazi wafikapo miaka 6 hivi. Wachache hubaki na nyayo bapa hadi utu uzima, na wengi wao hulima, hucheza na kusafiri bila maumivu.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 1992 nchini India yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 2,300 wenye umri wa miaka 4 hadi 13. Miongoni mwa waliozoea kuvaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Miongoni mwa waliotembea pekupeku, asilimia 2.8 tu. Kabla ya hapo, mwaka 1989, watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba watoto waliovalishwa viatu maalumu kwa miaka 3 hawakupata nafuu kuliko wenzao waliovaa viatu vya kawaida. Makundi yote yaliendelea vizuri kwa kukua tu.

Hii haina maana kwamba viatu ni adui. Penye funza, minyoo ya safura, miiba au vigae vya chupa, na katika baridi kali ya Juni na Julai, viatu ni kinga ya lazima.

Kipimo cha nyumbani

Mwambie mtoto asimame kwa ncha za vidole, nawe umtazame kwa nyuma. Iwapo tao linajitokeza na visigino vinaelekea ndani, wayo ni mlegevu tu, nao hauhitaji dawa. Iwapo unabaki bapa na mgumu, mpeleke kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya.

Utunzaji

Mwache mtoto acheze pekupeku katika uwanja uliofagiwa na mahali palipo salama. Akivaa viatu, viwe laini, vipana, na vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Michezo ya kuokota kokoto kwa vidole vya miguu na kutembea kwa ncha za vidole huimarisha misuli, ingawa haijathibitishwa kwamba huleta tao upesi. Usiufunge mguu kwa vijiti, usiukande kwa nguvu, wala usiuchanje.

Dalili zisizopuuzwa

Mtoto apelekwe kwa mganga bila kukawia ikiwa analalamika maumivu au anachechemea; ikiwa ni mguu mmoja tu ulio bapa; ikiwa wayo ni mgumu tangu kuzaliwa na umebinuka kwa chini; ikiwa kisigino hakigusi ardhi; au ikiwa amefikisha miezi 18 bila kutembea. Kwa mtoto mkubwa wa miaka 9 na kuendelea, wayo bapa wenye maumivu na usiokunjika huweza kuwa ishara kwamba baadhi ya mifupa imeungana. Mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa ni hali nyingine kabisa, nao hutibiwa vyema zaidi tiba ikianza katika wiki za kwanza, kwa kunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta.

Basi, mzazi asiyeona hata moja ya dalili hizi na azitunze fedha zake kwa chakula bora na daftari za shule. Lakini aliyeiona hata moja, na asisubiri mavuno yapite: mfupa wa mtoto hunyooka ungali laini.