Kwa nini sange ni jamaa ya ndovu, wala si panya

MTU akimwona sange akitimua mbio juu ya majani makavu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, huenda akamdhania kuwa panya mkubwa. Ana miguu myembamba, mkia mrefu na pua ndefu anayoichezesha akitafuta wadudu. Hata hivyo, wanasayansi wanasema jamaa yake wa karibu si panya bali ndovu.

Ili kuelewa sababu, yafaa kujua jinsi mamalia wanavyoainishwa. Mamalia, yaani wanyama wenye nywele ambao hunyonyesha watoto wao, ni ngeli moja. Ngeli hiyo hugawanywa katika oda, oda katika familia, familia katika jenasi na jenasi katika spishi.

Mnamo 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliwagawa mamalia katika oda nane, akizingatia sana meno yao. Leo zinatambuliwa takriban oda 27. Simba, mbwa na fisi wamo katika oda ya wala nyama. Panya, nungu na kindi wamo katika oda ya wagugunaji, iliyo kubwa kuliko zote kwa kuwa na spishi zaidi ya 2,000.

Lakini umbo hudanganya. Kwa muda mrefu sange aliwekwa katika kundi la wala wadudu, kwa sababu ya chakula chake na pua yake. Katika miaka ya 1990, uchunguzi wa jeni ulibainisha kwamba sange, ndovu, pimbi, nguva na muhanga wametokana na shina moja la kale barani Afrika. Shina hilo, lenye oda sita, lilipewa jina Afrotheria mwaka wa 1998.

Ndiposa uainishaji si kazi ya kupanga majina vitabuni tu. Oda ya sange ina spishi 20 hivi, zote za Afrika. Yule wa Arabuko-Sokoke, mwenye rangi ya dhahabu sehemu ya nyuma, yumo hatarini kuangamia kwa sababu ya mitego na ukataji miti. Anayemtega akidhani ni panya tu anapunguza ukoo ambao tayari ni mdogo, na ambao hauna makao kwingine duniani.