Fangasi wa tumboni na ubongo unaosahau

Wakitajwa fangasi, wengi wetu hufikiria vidole vya miguu vinavyowasha, mapunye kichwani mwa mtoto au utando mweupe kinywani mwa kichanga. Lakini fangasi huishi pia tumboni mwa mtu mwenye afya njema, kuanzia utotoni hadi uzeeni, bila kumsumbua. Ni wachache mno: hawafiki asilimia moja ya vijidudu vyote vya utumbo, na karibu wote waliobaki ni bakteria. Kwa uchache huo, watafiti waliwapuuza kwa miaka mingi. Sasa linaulizwa swali zito: je, wana mkono katika maradhi yanayodhoofisha ubongo wa wazee, hasa Alzheimer na Parkinson?

Anayeshukiwa zaidi ni Candida albicans, yuleyule anayewaletea wanawake muwasho ukeni baada ya dozi ya antibayotiki. Dawa ikiua bakteria, yeye hupata nafasi na chakula tele, akaongezeka. Kinga ya mwili ikishuka, anaweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu.

Kutoka kwenye damu hadi ubongoni kuna kizuizi kikali, lakini Candida anajua kukivuka. Mwaka 2019, timu ya David Corry wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, Marekani, iliwadunga panya fangasi huyo kwenye damu. Alifika ubongoni. Seli za ulinzi za huko, mikroglia, zikamzingira na kujikusanya katika vinundu vidogo, na humo ikakutwa amiloidi beta, protini ileile inayoganda katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Kumbukumbu za panya hao zilififia kidogo, kisha zikarejea fangasi walipokwisha kuondolewa.

Mwaka 2023 timu hiyohiyo ilieleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Candida hutoa vimeng'enya vinavyolegeza kizuizi cha ubongo. Vimeng'enya hivyohivyo huikata protini mama iliyomo ubongoni na kutoa vipande vinavyofanana na amiloidi beta. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi ya kukata hufanywa na mwili wenyewe tu. Kumbe mgeni naye ana mkasi wake. Lakini vipande hivyo ndivyo vinavyoziamsha mikroglia, vikisaidiana na ishara ya sumu ya fangasi mwenyewe, ili zimfukuze.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Robert Moir, ambaye sasa ni marehemu, na mwenzake Rudolph Tanzi, wote wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, walionyesha mwaka 2010 kwamba amiloidi beta huua vijidudu maabarani, Candida akiwemo. Mwaka 2016 wakaonyesha kwamba huwakinga panya na minyoo dhidi ya maambukizi. Kama wako sahihi, protini iliyohesabiwa kuwa mhalifu kwa miongo kadhaa huenda ni askari. Madhara huja pale vita isipokwisha: vijidudu wakirudi tena na tena, au kinga ya uzeeni ikishindwa kusafisha uwanja, amiloidi hurundikana na neva hufa. Kwangu mimi hili ndilo wazo lenye uzito kuliko yote katika uwanja huu, hata kama siku moja itabainika kwamba Candida hana hatia.

Na huenda hana, kwa sababu ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba. Mwaka 2015 watafiti wa Madrid, Hispania, waliripoti dalili za fangasi katika ubongo wa marehemu wote 11 waliougua Alzheimer, na hawakuziona kwa wenzao 10 wasio na ugonjwa huo. Habari ilivuma. Lakini fangasi wamo hewani na kwenye vumbi, hivyo sampuli huchafuka kwa urahisi, na ubongo ulioharibika unaweza kuwa ndio uliofungua mlango, si kwamba mgeni ndiye aliyeuharibu.

Kwa Parkinson, utumbo una kesi ya kujibu zaidi. Mjerumani Heiko Braak alipendekeza mwaka 2003 kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huanzia tumboni na kupanda ubongoni kupitia neva kuu ya vagasi. Kweli, wengi hufunga choo miaka mingi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Hata hivyo, watafiti wa Vancouver, Kanada, walipochunguza fangasi katika choo cha wagonjwa hao mwaka 2021, hawakuona tofauti ya maana kati yao na watu wazima wenye afya. Waliotawala ni jamii ya hamira, ambayo huingia kila siku na mkate.

Kwamba fangasi anaweza kuvuruga akili, hilo halina ubishi, na Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Fangasi aitwaye Cryptococcus huvutwa kwa pumzi, hushambulia utando wa ubongo, hasa kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na kuleta maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa na hata kusahau. Huyu hupimwa, na hutibiwa akiwahiwa.

Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kumnunulia mzee flukonazoli, dawa ya fangasi, kwa sababu amesahau majina ya wajukuu. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba dawa za fangasi hutibu Alzheimer au Parkinson, na flukonazoli hugongana na dawa nyingi ambazo wazee humeza, zikiwemo baadhi za kuzuia damu kuganda. Mpeleke hospitali akapimwe: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo na sonona navyo huleta usahaulifu, na vyote vina tiba.