Soma Kopo Kabla ya Kununua Oili

Gari ni mali kubwa kijijini. Hupeleka mazao sokoni na mgonjwa hospitali. Injini yake ikifa, si mwenye gari peke yake anayepata hasara. Injini inaweza kufa kwa kukosa oili. Inaweza pia kuharibika kwa kutiwa oili isiyoifaa.

Kubadilisha oili ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Lakini kazi hiyo huanza dukani. Wewe sasa unajua kusoma. Usinunue kopo kwa rangi yake au kwa picha yake. Soma yaliyoandikwa.

Kazi ya oili na filta

Ndani ya injini vyuma huzunguka mara elfu na zaidi kila dakika. Oili hukaa kati ya vyuma ili visisagane. Pia huvipoza na kubeba uchafu. Filta huchuja uchafu huo usirudi kwenye vyuma. Kwa hiyo ni vizuri kubadilisha oili na filta pamoja.

Namba za kopo

Tazama mahali palipoandikwa SAE. Utaona, kwa mfano, 20W-50 au 5W-30. Namba hizi huonyesha uzito wa oili. Namba iliyo kabla ya W ni ya injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi wakati wa kuwasha gari. Namba ya mwisho ni ya injini ikiwa moto. Oili ya 50 ni nzito kuliko ya 30.

Je, nzito ndiyo bora? Hapana. Injini nyingi za zamani hutumia 20W-50. Injini nyingi za siku hizi zina njia nyembamba za oili, nazo hutaka oili nyepesi. Kitabu cha gari ndicho kinachosema namba inayofaa. Kama huna kitabu, tazama kifuniko cha kutilia oili. Mara nyingine namba imeandikwa hapo.

Jihadhari na kopo la SAE 90 lenye herufi GL. Hiyo ni oili ya giaboksi na difu. Usiitie kwenye injini.

Herufi za kopo

Sasa tafuta herufi API. Baada yake, herufi S ni ya injini ya petroli, na C ni ya injini ya dizeli. Kopo lenye zote mbili, kama SL/CF, linaweza kutumika kwa petroli na kwa dizeli, mradi kitabu cha gari kinakubali. Herufi inayofuata S huonyesha upya wa oili. SN ni mpya kuliko SJ.

Hakikisha kifuniko cha kopo hakijafunguliwa. Oili iliyokwisha kutumika huweza kuchujwa na kuuzwa kama mpya.

Kuchagua filta

Nenda dukani na filta ya zamani, au andika namba yake. Filta nyingi za magari madogo ya Toyota, kwa mfano, zina namba inayoanza na 90915. Usiridhike kwa kuwa filta imeingia kwenye nyuzi zake. Mpira wake lazima ulingane na mahali unapokaa. Pia ndani ya filta nyingi mna vali inayozuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Filta ya gari jingine huenda isiwe na vali hiyo.

Kubadilisha

1. Simamisha gari mahali tambarare. Pasha injini moto kidogo, kisha izime.
2. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi imara.
3. Mwaga oili yote kwenye beseni. Jihadhari, ina moto.
4. Fungua filta. Hakikisha mpira wa zamani haukubaki kwenye injini.
5. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya. Kaza kwa mkono.
6. Rudisha bolti na kuikaza. Tia oili kwa kipimo cha kitabu.
7. Washa injini. Taa ya oili lazima izimike upesi. Isipozimika, zima injini mara moja. Tazama kama kuna mvujo.
8. Zima, ngoja dakika 5, kisha pima. Oili iwe kati ya alama mbili za kijiti.

Usiimwage oili chafu shambani wala mtoni. Itie kwenye dumu, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Osha mikono kwa sabuni.

Oili ya dizeli huweza kuwa nyeusi mapema. Usidhani umeuziwa mbovu. Inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Andika tarehe na kilomita za gari ukutani au kwenye daftari, ili ujue siku ya kubadilisha tena.

Maswali

1. Oili ya 30 na ya 50, ipi ni nzito injini ikiwa moto?
2. Gari lako ni la petroli au la dizeli? Utatafuta herufi gani?
3. Kwa nini oili ya SAE 90 GL haifai kwenye injini?